Uzi: Korona iliipangaje upya kalenda ya nyumba za kupangisha ufukweni?

Dirisha la Mashariki (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mara habari ya nyumba za ufukweni inapotajwa humu jukwaani, miaka ya Korona husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema watu waliacha kusafiri na biashara ikafa. Wapo wanaosema ndiyo miaka waliyotajirika wenye nyumba kando ya bahari. Kila upande una miezi yake ya kuonyesha, lakini ukishika upande mmoja ukaufanya ndio historia nzima, utapanga mambo vibaya siku dunia ikifungwa tena. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu.

Mwaka wa kawaida nyumba ya ufukweni hujazwa na mambo mawili: hali ya hewa na likizo za shule. Mwenye nyumba anaijua miezi ya msimu wa juu, anaijua miezi ya msimu wa chini ambayo anatengeneza paa na kupaka rangi, na mgeni wa mwaka jana huenda akarudi wiki ileile. Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba Korona sasa ni janga la dunia, mpangilio huo ukavurugika wote. Kwa karibu miaka miwili kilichoamua nyumba ijae lini ni tangazo la serikali: nani anaruhusiwa kutoka kwake, nani anaruhusiwa kuingia, na malazi ya aina gani yamefunguliwa.

Tazameni Uingereza. Juni 23, 2020 ilitangazwa kwamba nyumba za likizo na hoteli za England zitafunguliwa Julai 4. Watu hawakusubiri Julai. Walianza kuweka nafasi siku ileile. Mwaka uliofuata, Februari 22, 2021, serikali ilipotoa ratiba ya kulegeza masharti hatua kwa hatua, simu zikaanza kulia tena ilhali baridi ilikuwa bado kali na hakuna aliyeruhusiwa kulala nje ya nyumba yake. Yaani tarehe ya kuweka nafasi ilifuata hotuba ya waziri mkuu.

Kenya nako, Aprili 8, 2020 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, siku nne kabla ya Pasaka. Kilifi na Kwale zikafunguliwa Juni, Mombasa Julai, na ndege za kimataifa zikarudi Agosti 1. Kwa hiyo wa kwanza kufika walikuwa wageni wa ndani ya nchi. Kisha Machi 26, 2021, Nairobi na kaunti nne za jirani zikafungwa, Pasaka ikiwa Aprili 4. Bahari ilikuwa wazi, nyumba zilikuwa wazi, ila wapangaji wakuu wamezuiwa makwao. Pasaka mbili mfululizo zilikwenda hivyo, kila moja kwa njia yake.

Ninachosema ni kwamba hamu ya watu kwenda baharini haikupungua. Ilizibiwa njia moja ikatafuta nyingine, na mwenye nyumba aliyeitazama hali ya hewa peke yake alikuwa anatazama pasipo na jibu. Nakaribisha kupingwa.

Kijana wa Bandarini

Mkuu, uzi umekaa vizuri. Ila hapo kwenye "haikupungua" naomba ufafanuzi. Safari za kimataifa mwaka 2020 zilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 duniani ukilinganisha na 2019. Airbnb wenyewe, lile jukwaa la mtandaoni la kupangisha nyumba, Mei 2020 waliachisha kazi watu wapatao 1,900, robo ya wafanyakazi wao. Sasa hiyo hamu ilikuwa wapi?

Dirisha la Mashariki

Swali la haki kabisa, kaka. Hizo takwimu ni za kweli, na tazama za kampuni hiyohiyo miezi saba baadaye. Desemba 10, 2020 hisa zake ziliingia sokoni kwa bei ya dola 68, na biashara ya siku hiyo ikafunguliwa kwa dola 146. Mapato ya mwaka 2020 yalikuwa takriban dola bilioni 3.4, kutoka bilioni 4.8 za mwaka 2019. Wameshuka, tena sana, lakini si kwa asilimia 70. Mwaka 2021 wakafika karibu bilioni 6, juu ya walikokuwa kabla ya janga.

Tofauti kati ya kuporomoka kwa safari za ndege na huko kushuka kidogo zaidi kwa mapato ya Airbnb ndiyo mahitaji yaliyohama. Familia iliyokuwa ipande ndege kwenda nchi nyingine ilitazama ramani ikatafuta ufukwe inaoweza kuufikia kwa gari lake. Aliyezoea hoteli akatafuta nyumba nzima yenye jiko lake na mlango wake, asikutane na mtu kwenye lifti. Hata meli za starehe zilichangia: Marekani ilizizuia Machi 2020, zikaanza kurudi katikati ya 2021, na waliokuwa wasafiri wake walikuwa na likizo bila pa kwenda.

Kwa hiyo ukiuliza "mahitaji ya malazi ya ufukweni yalikwendaje", jibu linategemea nyumba iko wapi. Iliyo umbali wa saa chache za barabara kutoka mji mkubwa ilijaa. Iliyo kisiwani na inategemea ndege ilikaa tupu, hata kama ndiyo nzuri zaidi.

Bi Mwanamkuu

Naomba niongezee kwa upande wa kazi, maana nimesimamia nyumba za watu kipindi hicho chote na naona mazungumzo haya hutawaliwa na wenye mali na wapangaji tu.

Hesabu ya msimu ilibadilika kwa sababu ya usafi. Zamani mgeni anatoka asubuhi, mwingine anaingia alasiri. Aprili 2020 majukwaa ya kupangisha yakaanza kutoa miongozo ya kusafisha, ikiwemo kuacha nyumba saa 24 kabla ya mtu mwingine kuingia, au kuziba kalenda saa 72 kabisa. Nyumba yenye wageni wa siku mbili mbili ikiacha siku moja au zaidi tupu kila baada ya mgeni, theluthi ya mwezi au zaidi imekwenda. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wakaanza kukataa wageni wa wikendi na kudai wiki nzima au zaidi. Watu wakadhani ni tamaa, kumbe hesabu haikubali.

Halafu mgeni wa mwezi mzima si mgeni wa siku tatu aliyeongezwa siku. Huyu anapika kutwa mara tatu. Watoto wanasomea mezani sebuleni, baba yuko kwenye kikao cha mtandaoni chumbani, mama yuko kwenye chake barazani. Godoro, friji, pampu ya maji, vyote vinafanya kazi ambayo havikununuliwa kuifanya. Swali la kwanza nililokuwa naulizwa halikuwa umbali wa kufika majini, lilikuwa kasi ya intaneti. Nyumba isiyo na intaneti ya uhakika ilipitwa hata kama mawimbi yanagonga ngazi zake.

Na tusisahau: nyumba ikikaa tupu kwa amri ya serikali, msafishaji aliyelipwa kwa kila usafi hapati chochote. Mwenye nyumba ana nyumba, mgeni ana pesa zake zilizorudishwa. Yeye anabaki na ndoo.

Dirisha la Mashariki

Bi Mwanamkuu, shukrani sana. Hiyo ya wageni wa muda mrefu ilionekana hadi kwenye vitabu vya kampuni kubwa: mwaka 2021, karibu moja ya tano ya usiku wote uliowekewa nafasi Airbnb ulikuwa wa kukaa siku 28 au zaidi. Barbados nayo iliiona mapema. Julai 2020 ilitoa viza ya miezi 12 kwa watu wanaofanya kazi kwa mtandao, kwa ada ya dola 2,000 kwa mtu mmoja. Kisiwa kilichozoea wageni wa wiki moja kikaanza kutafuta wa mwaka mmoja.

Hapo ndipo mstari kati ya msimu wa juu na wa chini ulipofifia. Shule zilikuwa kwenye kompyuta, ofisi zilikuwa kwenye kompyuta. Kwa nini urudi mjini Septemba? Outer Banks, vile visiwa vyembamba vya North Carolina vinavyofikiwa kwa madaraja, mapato ya malazi ya vuli 2020 yalipita ya vuli ya mwaka uliotangulia. Zamani watoto wakirudi shule tu, pale panapoa.

Mzee wa Ngalawa

Nimesoma yote. Mimi nina neno ambalo naona mnalizunguka. Hao Outer Banks uliowataja, mwanangu, mwezi Machi walifanya nini? Simulia na hilo.

Dirisha la Mashariki

Shikamoo mzee. Ni kweli, na linastahili kusimuliwa kikamilifu.

Machi 17, 2020 kaunti ya Dare, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Outer Banks, iliweka vizuizi na kuwazuia wageni kuingia. Siku tatu baadaye ikawazuia hata wenye nyumba wasioishi pale. Yaani mtu ana hati ya nyumba, analipa kodi ya nyumba kila mwaka, anafika barabarani anaambiwa ageuze gari. Baadhi walikwenda mahakama ya shirikisho kudai kwamba haki zao zimevunjwa. Wenye nyumba wakaruhusiwa tena mwanzoni mwa Mei, wageni wa kawaida Mei 16.

Mzee wa Ngalawa

Marahaba. Basi mimi nasema kaunti ile ilifanya jambo la kueleweka. Vijiji vya ufukweni vimejengwa kwa ajili ya idadi ndogo ya wakazi na wingi wa nyumba za wageni. Hospitali, ikiwapo, ni ya kuhudumia wale wakazi. Mwezi wa kwanza wa janga hakuna aliyejua ugonjwa utaendaje. Watu wakianza kukimbia miji yenye maambukizi na kuhamia nyumba za likizo, wanakuja na ugonjwa, na wakizidiwa wanalazwa kwenye vitanda vya wazee wa pale. Hapo mnaita mahitaji. Mkazi wa pale anaona foleni ya magari ya watu wasiomjua.

Siwalaumu waliokimbia. Kila mtu ana watoto. Lakini uzi unaoongelea kujaa kwa nyumba lazima uulize pia nani alikuwa analala nyumba ya jirani mwaka mzima.

Kijana wa Bandarini

Nakazia hoja ya mzee. Na tofauti ya sera ilikuwa kubwa. Florida mwishoni mwa Machi 2020 gavana alisimamisha nyumba za kupangisha za likizo, ila hoteli zikaruhusiwa kuendelea. Uskoti ikafanya kinyume wakati wa kufungua: nyumba za kujitegemea zikaanza Julai 3, 2020, hoteli zikasubiri hadi Julai 15. England mwaka 2021 vilevile, nyumba zisizo na sehemu za kuchangia na wengine zikafunguliwa Aprili 12, hoteli Mei 17. Ugonjwa mmoja, wengine wanaona nyumba binafsi ni hatari kwa sababu hakuna anayeisimamia, wengine wanaona ni salama kwa sababu hakuna unayekutana naye.

Dirisha la Mashariki

Umegusa jambo ambalo naona ndilo lililosahaulika kuliko yote. Serikali ndiyo iliyochagua aina ya malazi itakayopata wageni. Maldives ilifungua mipaka Julai 15, 2020, lakini hoteli za visiwa vya peke yake ndizo zilizoanza, kwa kuwa kisiwa kimoja ni hoteli moja na mgeni hachanganyiki na wakazi. Nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi watu zikasubiri hadi Oktoba. Phuket, kisiwa cha Thailand, nako, mpango wa Julai 1, 2021 uliruhusu waliochanjwa waingie bila karantini ya chumbani, kwa sharti la kukaa kisiwani usiku 14 kwenye hoteli zenye cheti maalumu cha afya. Mwenye nyumba ndogo ya kupangisha alikuwa anatazama ndege zikitua, na hao waliomo si wake.

Upande mwingine kuna Tanzania. Mei 18, 2020 iliondoa vizuizi vya ndege za abiria wakati sehemu kubwa ya dunia ingali imefungwa. Msimu wa baridi wa Ulaya ulipofika, Zanzibar ikapokea wageni wengi kutoka Urusi, Ukraine na Poland, kwa sababu fukwe walizozizoea zilikuwa na masharti mazito. Fukwe zilikuwa vilevile, sheria za kuingia ndizo zilizotofautiana.

Chumvi na Jua

Mimi nawasoma tangu juu na nina hasira kidogo, mniwie radhi. Mnaongea kama mtu alikuwa anachagua tu ufukwe. Mimi nilikuwa mpangaji. Nilishalipa nyumba nzima kwa ajili ya familia kabla janga halijaanza. Barabara zikafungwa. Nikamwandikia wakala, nikajibiwa kwamba nyumba ipo, umeme upo, maji yapo, usipokuja ni uamuzi wako. Uamuzi wangu! Askari yuko barabarani. Mwisho nikapewa vocha ya kutumia ndani ya muda ambao safari zenyewe zilikuwa bado zimezuiwa.

Kwa hiyo mkiniuliza mahitaji yalikwendaje, nasema yalikwenda kwa yeyote aliyekubali kurudisha pesa. Tangu siku ile, sharti la kughairi ndilo ninalolisoma la kwanza, kabla ya picha.

Bi Mwanamkuu

Pole sana dada. Hiyo ya vocha iliwaumiza wengi.

Wakili wa Kivulini

Naomba nichangie hapa, maana kisheria ndipo palipo na utata mkubwa, na bado watu hawajajifunza.

Kuna hali mbili ambazo wapangaji na wenye nyumba wanazichanganya. Ya kwanza, serikali imekataza nyumba kupangishwa. Hapo mwenye nyumba hana huduma ya kuuza, na kushika pesa ya mtu kwa huduma ambayo sheria inakuzuia kuitoa ni vigumu kuitetea. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilisema wazi mwezi Aprili 2020 kwamba katika hali kama hiyo mteja kwa kawaida anapaswa kurudishiwa pesa yote, na ikazifuatilia kampuni za nyumba za likizo. Ya pili, nyumba imeruhusiwa ila mgeni amezuiwa anakotoka. Hii ndiyo ya dada hapo juu, na hii ndiyo ngumu, kwa sababu mikataba mingi ilikaa kimya. Kifungu cha nguvu zisizozuilika kilikuwa kinataja kimbunga, mafuriko, vita. Ugonjwa ulikuwemo kwa wachache, na kuzuiwa kwa mgeni anakotoka kwa wachache zaidi.

Majukwaa makubwa yakaamua yenyewe. Airbnb iliruhusu waliokuwa wameweka nafasi hadi Machi 14, 2020, kwa safari za kuanzia siku hiyo, wajitoe na kurudishiwa pesa yote, bila kujali mwenye nyumba aliweka sharti gani. Wapangaji wakashukuru. Wenye nyumba wakapiga kelele, maana walikuwa na mikopo ya kulipa na masharti waliyoyaweka yamefutwa bila wao kuulizwa. Mwisho wa Machi kampuni ikatenga dola milioni 250 kuwafidia, ikilipa robo ya kile ambacho wangepata kwa masharti yao ya kughairi. Robo.

Kwa nafasi zilizowekwa baada ya Machi 14 mgeni alihesabiwa kuwa anaijua Korona, kwa hiyo akarudi kwenye masharti ya kawaida ya mwenye nyumba. Huo ndio mstari ambao watu wengi hawakuuona mpaka pesa zilipokwama.

Chumvi na Jua

Asante wakili. Laiti ungekuwepo wakati ule.

Dirisha la Mashariki

Dada Chumvi, hasira yako ina haki na imeujenga uzi huu kuliko takwimu zangu. Maana ukishakubali kwamba tarehe zinaamuliwa na matangazo, basi bidhaa inayouzwa inabadilika. Mpangaji wa 2020 na 2021 alikuwa ananunua nyumba na uhakika wa kutoka bila kuumia. Julai 25, 2020, jioni, Uingereza ilitangaza kwamba kila anayetoka Hispania ataingia karantini siku 14, kuanzia usiku wa manane huohuo. Watu walikuwa ufukweni, wengine walikuwa uwanja wa ndege wanaondoka. Juni 2021 Ureno ikaondolewa kwenye orodha ya kijani ya Uingereza, yaani ya nchi ambazo ukirudi kutoka huko huingii karantini, kwa taarifa ya siku chache tu, katikati ya safari za watu. Mtu aliyeona hayo hawezi tena kulipa miezi sita kabla bila mlango wa kutokea.

Kwa hiyo muda kati ya kuweka nafasi na kufika ulifupika sana. Nyumba ilikuwa tupu Jumatatu, Ijumaa imejaa. Mwenye nyumba aliyezoea kuona msimu wake wote umejaa miezi kabla aliingiwa hofu akashusha bei, na wageni walikuwa njiani.

Mhesabu Mawimbi

Hapo pa bei ndipo nilipokuwa napasubiri. Mimi ni mtu wa mikopo, na kilichonihuzunisha zaidi hakikutokea 2020. Kilitokea baadaye.

Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 riba za mikopo ya nyumba Marekani zilikuwa chini ya asilimia 3. Watu wakatazama mapato ya majira ya joto ya 2021, wakachukua miezi mitatu mizuri kuliko yote, wakaizidisha kwa mwaka, wakanunua nyumba ya ufukweni kwa bei ya juu wakisema itajilipa. Oktoba 2022 riba zilipita asilimia 7. Kufikia hapo mipaka ilikuwa wazi karibu kote, meli zimerudi, na familia zilizokuwa zimenyimwa nchi za nje zikaondoka kwa wingi. Na nyumba mpya nyingi zilikuwa zimeingia sokoni kwa sababu kila mtu alifikiria jambo lilelile. Wageni walikuwepo, ila waligawanywa kwa nyumba nyingi zaidi.

Ushauri wangu kwa yeyote anayepanga mapato ya nyumba ya ufukweni: toa 2020 na 2021 kwenye wastani wako. Ziweke pembeni kama kipimo cha hali mbaya na cha hali ya ajabu. Ukizichanganya na miaka ya kawaida zinakupa namba isiyowahi kutokea mwaka wowote.

Kijana wa Bandarini

Mkuu Mhesabu, unatoa mpaka 2022? Maana Omicron, ile aina mpya ya kirusi cha Korona, iliingia mwishoni mwa Novemba 2021 ikaharibu Desemba ya wengi.

Mhesabu Mawimbi

Desemba 2021 na Januari 2022 ndiyo, zitoe. Baada ya hapo inategemea nchi. Waliofunguliwa mapema na waliochelewa hawana mwaka mmoja wa kuanzia, na ndiyo maana ninaogopa wastani wa dunia nzima.

Msomaji Kimya

Wakuu, huwa sichangii ila leo nauliza. Dada yangu amerithi nyumba ndogo karibu na bahari na anataka kuipangisha kwa misimu. Hana mkopo. Kwa yote mliyosema, likitokea janga jingine anatakiwa awe ameandaa nini? Sitaki falsafa, nataka la kufanya.

Wakili wa Kivulini

Mkataba kwanza. Aandike hali tatu kila moja kwa sentensi yake: nyumba ikifungwa kwa amri, mgeni akizuiwa anakotoka, na mgeni akiugua. Kwa kila moja aseme pesa inarudi kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Ile ya kwanza arudishe yote, asijadili. Ya pili ampe mgeni chaguo kati ya tarehe nyingine na pesa, na tarehe hiyo isiwe na mwisho wa kumtega. Na malipo ya awali asiyatumie kabla mgeni hajafika. Wengi walioshindwa kurudisha pesa 2020 hawakuwa wezi, walikuwa wameshazitumia.

Bi Mwanamkuu

Mimi naongeza meza ya kufanyia kazi, intaneti nzuri, na jiko lenye vyombo vya kupikia vya kweli. Hivyo havipotezi thamani hata janga lisipokuja. Na akubaliane na msafishaji malipo ya mwezi, hata kidogo, yasiyotegemea idadi ya wageni. Siku mambo yakifunguliwa ghafla atamhitaji mtu huyo ndani ya siku mbili, na aliyeachwa bila kitu miezi minne huwa ameshapata kazi kwingine.

Mhesabu Mawimbi

Akiba ya gharama zote za msimu mmoja wa juu uliopotea wote. Kama hana mkopo, hiyo inawezekana kabla ya mwaka wa pili kuisha. Na ajue wageni wake wanatoka wapi. Kama karibu wote wanakuja kwa ndege, aanze sasa kujulikana kwa watu wanaoweza kufika kwa barabara, kwa bei ya msimu wa chini. Hao ndio watakaofika wa kwanza njia zikifunguliwa.

Mzee wa Ngalawa

Na awajue majirani. Awape namba ya simu, awaulize kelele za wageni zinawasumbua saa ngapi. Siku kijiji kitakapokaa kuamua kama wageni waingie au wasiingie, ni vizuri wawe wanamjua yeye ni nani.

Msomaji Kimya

Nimenakili yote. Nampelekea leo. Swali moja la mwisho kwa mleta mada: bei, aiachie ipande watu wakigombania?

Dirisha la Mashariki

Apandishe, lakini aweke kikomo kabla ya msimu kuanza na aandike mahali kikomo hicho ni kipi. Pale Uingereza, serikali ilishusha kodi ya ongezeko la thamani ya malazi ya likizo kutoka asilimia 20 hadi 5 kuanzia Julai 15, 2020, na hata hivyo wageni wengi walikuta bei ziko juu kuliko walivyozoea, maana waliotaka nyumba walizidi nyumba zilizokuwepo. Walilipa kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Mwaka walipopata pengine, waliondoka. Aliyewatoza wageni wake wa zamani bei waliyoizoea na kuwapa wao kwanza tarehe nzuri, akawapandishia wale wapya, alikuwa bado na majina ya kupigia simu 2023.

Nikipata muda nitaleta uzi mwingine kuhusu bima, maana hapo nako pana mengi na wakili ameshanidokeza.

Wakili wa Kivulini

Ulete. Nitakuja na vifungu.